Masafa Yaliyohamwa ni Mali ya Nani?

Wapo watakaosema kwamba swali hili si la waandishi, ni la mainjinia na wanasheria. Mimi nasema ni letu. Injinia anajua kuyapima masafa, mwanasheria anajua ni kifungu gani kinampa nani leseni, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayelipwa ili aulize kama jambo lenyewe ni la haki. Kazi hiyo imebaki kwetu sisi tusiolipwa. Kwa hiyo, msomaji mpenzi, nivumilie kidogo katika mambo ya minara na mitambo, maana bila hayo tutakuwa tunapiga soga za kijiweni tu.

Chukua nyumba ya kupanga ya uswahilini, ile yenye korido katikati na vyumba huku na huku. Tuseme ni nyumba kubwa kupita kiasi, ina vyumba 49. Kila chumba kina mpangaji mmoja na familia yake. Siku moja wapangaji wanaambiwa: jamani, vimetoka vitanda vya deka vya aina mpya, kila mmoja akinunua chake basi familia kumi zitaenea chumba kimoja bila kugusana. Wapangaji wananunua, kwa hela zao. Wanabanana. Vyumba vingi vinabaki vitupu. Kisha mwenye nyumba anavichukua vile vitupu na kuvipangisha kwa matajiri kwa kodi nono. Sasa nauliza: je, wale waliobanana wana chochote cha kudai, au washukuru tu kwamba wana pa kulala?

Nyumba hiyo ipo, ingawa haionekani. Ni yale masafa ya televisheni ya kuanzia megahezi 470 hadi 862. Chumba kimoja kina upana wa megahezi 8; gawanya mwenyewe, utapata vyumba 49. Katika mfumo wa zamani wa analojia, kituo kimoja cha televisheni kilikula chumba kizima, na zaidi ya hapo vyumba vya jirani viliachwa wazi ili picha zisiingiliane. Katika mfumo wa dijitali picha hubanwa, vituo kumi na zaidi vikakaa chumba kimoja na bado picha ikawa safi kuliko zamani. Mwaka 2006, mjini Geneva, nchi za Ulaya, za Afrika na baadhi za Asia zilikubaliana kuipanga nyumba hii upya, zikaweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kuilinda analojia. Mikutano mingine ya dunia iliyofuata ikaamua kwamba vyumba vya juu, kuanzia megahezi 694 mpaka 862, vinaweza kupewa simu. Hivyo ni vyumba 21. Televisheni ikaachiwa 28.

Kwa nini kampuni za simu zilivimezea mate vyumba hivyo? Kwa sababu masafa ya chini husafiri mbali na hupenya kuta. Mnara mmoja wa masafa ya 700 au 800 hufanya kazi ambayo kwa masafa ya juu zaidi ingehitaji minara kadhaa. Hasa kwa nchi zenye vijiji vilivyotawanyika kama zetu, hiyo ni fedha nyingi iliyookolewa. Kwa hiyo usidhani waliachiwa makombo. Waliachiwa vyumba vya mbele, vyenye baraza.

Huku kwetu Tanzania Bara televisheni ni ya juzi tu. ITV ilianza mwaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walishakuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Lakini kwenye kuhama tulikuwa wa mwanzo mwanzo Afrika. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa zamu katika mwaka 2013. Nilikuwa mtoto wakati huo. Katika nyumba tuliyopanga kulikuwa na televisheni moja, ya chogo, mali ya mama mwenye nyumba, na jioni watoto wa mtaa mzima tulijazana mlangoni pake mpaka atufukuze. Mwaka mpya ulipoingia ikawa chenga tupu. Mama yule alikataa kununua king'amuzi kwa miezi mingi. Hakuwa hohehahe, hela angeipata. Alikuwa na hoja yake: televisheni si nimeshainunua? Sasa naambiwa ninunue na ruhusa ya kuiangalia? Akatandika kitambaa cha kufuma juu ya ile televisheni akaweka maua ya plastiki, na sisi tukahamia mtaa wa pili.

Hoja ya mama yule imenikaa kichwani miaka yote hii, kwani ndani yake mna jambo ambalo vigogo waliohubiri dijitali hawakulijibu. Matangazo ya kuhamasisha yalisema picha itakuwa safi, chaneli zitakuwa nyingi, na nchi itakwenda na wakati. Yote kweli. Lakini sikumbuki tangazo lililomwambia mlalahoi: wewe ukinunua king'amuzi, utakuwa umesaidia kukiachia chumba ambacho kesho kitauzwa kwa dola.

Na kweli kiliuzwa. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliendesha mnada wa masafa ya 700. Vodacom ikachukua fungu lake, na Azam Telecom fungu lake, kila moja kwa takriban dola milioni 10. (Azam, naam, jina lile lile tunalolijua kwenye unga wa ngano, aiskrimu na mpira wa ligi.) Nchini Kenya masafa ya 800 yalikwenda kwa Safaricom, Airtel na Telkom, bei ikiwa dola milioni 25 kwa kila kampuni. Silaumu mnada. Afadhali mnada wa wazi kuliko kugawiana kizani.

Atatokea mjuaji aseme: bwana mdogo, nyumba yako ya vyumba 49 ni ya Ulaya, huku kwetu vyumba vingi vilikuwa vitupu tangu zamani, nani alihamishwa? Ni hoja nzuri na siikwepi. Vijijini ni kweli, popo tu ndio walikuwa wapangaji. Lakini mijini, kule ambako watazamaji walikuwapo na fedha zilikuwapo, vituo vilikuwa vimetapakaa juu na chini. Na kampuni ya simu haiwezi kununua chumba ambacho katika mji mkubwa kina mpangaji. Ilibidi wote wahame ili mahali patupu pawe patupu nchi nzima, bila doa. Thamani imo katika kule kuwa bila doa.

Nimejadiliana jambo hili na mzee mmoja fundi redio, mtu aliyeanza kazi enzi za redio za mbao, ambaye huniruhusu kukaa kibandani kwake nikikimbia jua. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamtupia swali. Hakusita.

"Mwanangu, hewa haina mwenyewe. Haikuumbwa na ITV wala na huyo mama yenu mwenye nyumba. Serikali ni kama mjumbe wa nyumba kumi, inatutunzia. Ikiipangisha, hela inakwenda hazina, inajenga barabara, na barabara mnapita wote. Sasa unadai nini tena?"

"Lakini mzee, king'amuzi nani alikilipia?"

"Na viatu vyako nani alivilipia? Ukipita barabarani unadai fidia ya soli?"

Nilicheka, na hoja ya soli ilinisumbua wiki nzima. Jibu langu nililipata mahali ambapo sikutarajia, kwenye mambo ya ardhi. Mwalimu Nyerere, mwaka 1958, hata Uhuru haujapatikana, aliandika juu ya nani anaweza kuimiliki ardhi. Naieleza hoja yake kwa maneno yangu: ardhi ni zawadi ya Mungu, hakuna binadamu aliyeitengeneza, kwa hiyo hakuna anayeweza kuigeuza bidhaa yake. Anachoweza mtu kukiita chake ni kile alichokiongeza kwa jasho. Akifyeka pori akalima, ana haki juu ya kazi ile, si juu ya udongo.

Tuiweke hewa badala ya ardhi. Mzee fundi ana haki: hewa ni zawadi, haina mwenyewe, na serikali ni mtunzaji. Lakini kilichouzwa mwaka 2018 hakikuwa hewa tu. Kiliuzwa pamoja na utupu wake. Na ule utupu haukuwa zawadi ya Mungu, ulitengenezwa. Waliutengeneza wenye vituo walionunua mitambo mipya, waliutengeneza mafundi, uliwahusu waliopanga kule Geneva, na uliwahusu mamilioni ya watu walioingia mfukoni wakanunua king'amuzi, au walioshindwa wakabaki na chenga. Wale ndio waliofyeka pori. Soli za viatu vyangu haziongezi upana wa barabara, mzee wangu. King'amuzi cha mama mwenye nyumba kiliongeza upana wa hewa.

Hapo ndipo tofauti yangu na watu wa hazina. Wao wanahesabu mauzo ya masafa kama mtu aliyeokota almasi: mali ya umma, ikaingia mfuko wa umma, mwisho wa habari. Mimi naona ni mauzo ya shamba lililofyekwa na watu wanaojulikana, wala si wote. Asiyekuwa na televisheni hakuchangia kitu na barabara anapita. Aliyekuwa nayo alichangia, na mlalahoi alichangia sawa sawa na kibopa, kwani king'amuzi hakiulizi mshahara. Utasema hivyo ndivyo zilivyo kodi nyingi. Sawa, basi iitwe kodi, ipelekwe Bungeni kama kodi, ijadiliwe. Kwa jina la maendeleo ilipita bila mjadala huo.

Lakini sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu. Lipo jibu jingine, zito kuliko la mzee fundi, nalo ni hili: mtazamaji amekwisha kulipwa. Alitoa chumba kimoja, akapewa simu. Leo kijana wa Mbagala anaangalia mkononi vitu ambavyo mwaka 1994 hata waziri hakuvipata. Mimi mwenyewe riwaya yangu naiandika kwenye simu, na sura zake nawatumia wenzangu wa Mwanza na Mombasa kwa sekunde. Nikikana faida hiyo nitakuwa mnafiki.

Hata hivyo angalia namna tunavyolipwa. Mnara wa televisheni haujui wangapi wanaangalia. Ukiangalia wewe, tukaangalia watoto ishirini mlangoni, gharama ya mnara haibadiliki hata senti moja, na ndiyo maana haukuwa na sababu ya kukudai kila unapotazama. Mnara wa simu si hivyo. Kila anayeangalia anakula sehemu yake ya uwezo wa mnara, na kila mmoja anakatwa. Sisemi ni uroho, ni namna chombo kinavyofanya kazi. Lakini matokeo yake ni kwamba masafa yale yale, hewa ile ile juu ya paa lile lile, zamani mtu aliyapokea bure baada ya kununua chombo, na sasa anayapokea kwa bando. Bando likikata, hadithi imekatika katikati ya sentensi. Kwa hiyo mtazamaji alilipwa, ndiyo, ila alilipwa kitu ambacho anaendelea kukinunua kila siku. Nikikopa gunia lako la mahindi kisha nikakuuzia unga, utasema nimekulipa?

Hata hiyo televisheni ya bure iliyobaki ilikuwa na vituko vyake. Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano iliziamuru kampuni za ving'amuzi vya kulipia, Azam, DStv na Zuku, ziziondoe chaneli za ndani zinazopaswa kuonekana bure, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu kuzibeba. Kisheria walikuwa na hoja: kitu cha bure kisifungwe nyuma ya malipo. Mtaani ilitafsiriwa kwa namna nyingine. Ukitaka mpira na taarifa ya habari, nunua ving'amuzi viwili.

Sasa nije kwa wenye vituo, maana wao ndio walikuwa na sauti. Kuhama kuliwalazimisha washindani kufanya jambo geni: kushirikiana. Zamani kila kituo kilikuwa na mnara wake na mtambo wake. Katika dijitali kazi iligawanywa, mwenye vipindi mbali, mwenye kusambaza mawimbi mbali, na wasambazaji wakawa wachache. Hapa Tanzania walipewa leseni watatu. Star Media ilikuwa ubia wa TBC na StarTimes ya China. Agape walikuja na Ting. Na Basic Transmissions iliundwa kwa kuunganisha nguvu za wenye ITV na wenye Star TV. Hebu fikiria, watu wanaogombania tangazo lile lile la sabuni wakikaa chumba kimoja. Ni jambo la kupongezwa, na linaonyesha kwamba ushindani wa kibiashara si ukuta wa zege kama tunavyoambiwa.

Kenya walifanya hivyo kwa kishindo zaidi. Nation, Standard na Royal Media, wenye NTV, KTN na Citizen, waliunda kampuni moja, Africa Digital Network, wakadai leseni yao ya kusambaza. Hawakutaka kubebwa na wasambazaji wawili waliokuwa na leseni, mmoja tawi la shirika la serikali na mwingine kampuni ya Wachina. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu. Februari 2015 mahakama iliwakatalia kuongezewa muda, analojia ikazimwa Nairobi, na vituo vile vikatoweka hewani zaidi ya majuma mawili mpaka viliporudi Machi na ving'amuzi vyao. Wenyewe walisema vipindi vyao haviwezi kubebwa bila ridhaa yao. Serikali ilisema wanawateka watazamaji. Nadhani kila upande ulisema kweli juu ya mwenzake.

Hofu yao haikuwa ya bure. Anayekubebea mawimbi ndiye mwenye swichi. Lakini swichi ina miguu: tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima mitambo ya vituo hivyo vitatu ingawa sasa walikuwa na mtandao wao wenyewe. NTV na KTN walikaa kizani takriban juma moja, Citizen wakazidi hapo, na amri ya mahakama ya kuwarudisha haikutiiwa siku ile ilipotolewa. Katika siku hizo walirusha matangazo kwa intaneti, na watu wakawaangalia kwenye simu. Yaani vituo vilivyofukuzwa katika vyumba vyao vilipigiwa hodi na kukaribishwa na wapangaji wapya, wale wa 4G, na Safaricom ilikwisha kuwasha 4G kwenye masafa ya 800 yaliyohamwa na televisheni. Kama ningeliandika hilo kwenye riwaya mhariri angelifuta, angesema limepangwa mno.

Kinachoniuma katika ushirikiano huo wa Kenya, na wa kwetu pia, ni kwamba ulikomea mnarani. Washindani walijifunza kugawana nguzo, umeme, jenereta na wakili. Walipokwenda kudai, walidai leseni yao. Sikusikia wakidai kwa pamoja, wakisema: masafa yatakapouzwa, sehemu ya bei irudi kwa watazamaji wetu waliogharamia kuhama. Wao ndio waliokuwa na taarifa ya habari saa mbili usiku! Walikuwa na kila njia ya kuuliza swali hilo mbele ya taifa, wakaacha. Labda walihofia kwamba swali lenyewe lingewageukia: na ninyi je, hewa mliyoitumia miaka yote hiyo mlikuwa mnailipa kiasi gani?

Nitoke Afrika Mashariki kidogo, kwa kuwa kuna mahali ambapo aliyehama alilipwa waziwazi. Marekani walikwisha kuhamia dijitali mwaka 2009, kisha mwaka 2016 wakafungua mnada wa pande mbili. Vituo vya televisheni viliuliza bei ya kuachia masafa, kampuni za simu zikataja bei ya kuyanunua, serikali katikati. Mnada ulipofungwa 2017 jumla ilikuwa dola bilioni 19.8, na kama bilioni 10 kati ya hizo zilikwenda kwa vituo 175. Vingi kati ya hivyo havikufa, vilihamia chumba kimoja na jirani, kama ilivyokuwa kwa KCET na KLCS za Los Angeles, ambayo hiyo ya pili ni mali ya idara ya shule za mji. Jimbo la New Jersey liliuza masafa ya vituo viwili vya umma likapata dola milioni 332. Wananchi wa huko wakasimama wakasema: zile zilikuwa televisheni zetu, habari zetu, sehemu ya fedha irudi kwenye habari. Mwaka 2018 ikapitishwa sheria ya kuunda mfuko wa kusaidia habari za kijamii, fungu la mwanzo lililoahidiwa likiwa dola milioni 5.

Tano kati ya 332. Unaweza kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ukishakubali kurudisha tano, umekwisha kukiri kwamba kuna deni. Kinachobaki ni kubishana kiasi. Kwetu hata kukiri bado. Na tena kosa la Marekani nalionea pale pale: waliolipwa ni wenye vituo. Mtazamaji aliyelazimika kutafuta chaneli upya kwenye runinga yake hakuwa mezani.

Ipo pia njia ambayo haihitaji kuuza. Katika nyumba yetu hata baada ya kubanana hubaki nafasi baina ya vyumba, mahali ambapo katika wilaya fulani hakuna kituo kinachotangaza. Mwaka 2013, kule Laikipia nchini Kenya, Microsoft na wenzake waliijaribu nafasi hiyo kupeleka intaneti kwenye shule, zahanati na maktaba za maeneo yasiyofikiwa na umeme wa gridi, wakitumia jua. Mradi ukaitwa Mawingu. Hapa Dar es Salaam nako mwaka huo huo ulitangazwa mradi wa namna hiyo pamoja na Tume ya Sayansi na Teknolojia, walengwa wakiwa wanafunzi wa vyuo. Sisemi Microsoft ni malaika, kampuni haipandi mbegu isiyokusudia kuvuna. Lakini hapo chumba kinaazimwa, hakiuzwi, na televisheni ikirudi mgeni anampisha.

Utaniuliza, basi unataka nini hasa, kila mwenye king'amuzi arudishiwe hela yake? Hapana. Risiti zimekwisha kupotea, na mama mwenye nyumba ametangulia mbele ya haki. Ninachodai ni kitu cha jinsi ile ile iliyochukuliwa. Kilichochukuliwa ni uwezo wa kupokea bila kukatwa. Basi kwenye masafa yale yaliyohamwa, na hayo tu, mshindi wa mnada aandikiwe katika leseni yake kwamba kuna vitu vitakavyopita bila bando: masomo ya shule, taarifa za hospitali na za maafa, matangazo ya Bunge, na tamthilia na hadithi za Kiswahili zitakazogharamiwa na sehemu ya bei ya mnada. Hapo mwishoni najua utasema navutia kamba kwangu. Navutia, ndiyo. Fundi redio naye anavutia kwake.

Wataniambia upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao unasaidia kupeleka minara vijijini. Nauheshimu. Lakini mnara unaopelekwa kijijini unapeleka fursa ya kununua bando, na hilo ni deni jingine, la mtu ambaye hajawahi kufikiwa. La aliyehama liko pale pale.

Na mambo hayajaisha, maana vyumba 28 vilivyobaki navyo vimeanza kutazamwa. Mwishoni mwa 2023, katika mkutano wa dunia uliofanyika Dubai, masafa ya 470 hadi 694 yaliwekwa mezani. Kwa sehemu kubwa ya Afrika na Ulaya televisheni ilibakishwa humo kama mpangaji mkuu, baadhi ya nchi za Kiarabu zikapata ruhusa ya kuyapa simu masafa ya juu ya fungu hilo, na ikakubaliwa kwamba suala litatazamwa tena mwaka 2031. Safari hii hakuna atakayeweza kusema hakujua utupu hutengenezwa vipi na nani. Wenye ITV, TBC, Citizen, KTN na wengineo wana muda wa kukaa meza moja, kama walivyokaa mnara mmoja, wakaandika wanadai nini na kwa niaba ya nani. Na sisi tusio na vituo tuna muda wa kuwauliza hayo wakati wangali hapa mjini, hawajapanda ndege.